Mirungi: sheria hubadilika ukivuka Sirari



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jani. Si jani la chai wala la tumbaku, ingawa hayo mawili yatajitokeza huko mbele. Ni jani ambalo hapa Mwanza watu hulitaja kwa sauti ya chini: mirungi. Wenzetu wa Kenya huliita miraa, Waganda husema mairungi, na vijana wetu wana majina yao, gomba, veve, na mengine ambayo kufikia mwakani yatakuwa yamebadilika. Mti ni huohuo mmoja. Unapenda vilima vyenye ubaridi, na ukiachiwa bila kukatwa unarefuka kuliko nyumba. Watu hutafuna machipukizi yake na maganda ya vitawi vyake vichanga, aghalabu pamoja na bigijii au karanga ili kupunguza uchungu.

Sasa hebu tufunge safari. Panda basi hapa Mwanza la kuelekea Musoma. Pita Magu, pita Lamadi, pita Bunda, vuka Mto Mara pale Kirumi, ingia Tarime, mpaka ufike Sirari. Ukishuka hapo, mbele yako ni Isebania, Kenya. Ukivuka utalikuta jani lile limefungwa kwa majani ya mgomba, limewekwa mezani, linauzwa mchana kweupe kama nyanya. Mwuzaji ana kibali. Askari anapita na kumsalimia. Ukirudi nyuma hatua mia mbili, ukiwa na fungu lilelile kwapani, umeingia katika mikono ya sheria inayoweza kukupeleka gerezani miaka 30.

Jani halikubadilika kati ya Isebania na Sirari. Wewe pia hukubadilika. Na mara nyingi hata lugha haikubadilika, maana Wakurya wako pande zote mbili, na Wajaluo vilevile. Shangazi yuko huku na mjomba yuko kule. Kilichobadilika ni karatasi za Bunge la Dodoma na karatasi za Bunge la Nairobi. Hizo karatasi ndizo nataka tuzitazame leo, kwa sababu wapo vijana wa mji huu na wa mwambao huu ambao wamezisoma kwa mara ya kwanza wakiwa kizimbani.

Tuanze na kwetu. Tanzania haikuanza jana kuyakataza mirungi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 iliyaweka katika mimea haramu, na sheria iliyochukua nafasi yake, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ikayaacha palepale. Orodha ya mimea iliyopigwa marufuku ni fupi: bangi, mkoka, mipopi inayotoa afyuni, na mirungi. Ukitazama orodha hiyo utaona jambo la ajabu kidogo. Mkoka ndio mama wa kokeini. Afyuni ndiyo mama wa heroini. Bangi tunaijua. Na mirungi, ambayo Mmeru wa Maua huitafuna kwenye harusi na hupeleka kwa wazee anapokwenda kuposa, imekaa kwenye benchi moja na hao.

Kisha sheria hiyohiyo inaeleza nini maana ya kusafirisha na kufanya biashara ya dawa za kulevya. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi hunaswa. Mwananchi wa kawaida akisikia neno "biashara" anafikiri ni lazima mtu awe ameuza na kupokea fedha. Sivyo. Tafsiri ya sheria ni pana mno: kuingiza nchini, kutoa nje, kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, kubeba, kufikisha. Kwa hiyo konda aliyeambiwa "mpelekee ndugu yangu mzigo huu stendi, atakupa elfu tano", amebeba na amefikisha. Kijana wa bodaboda aliyechukua kiroba Lamadi na kukileta Igoma bila kuuliza kilichomo, atakuwa na kazi kubwa ya kumshawishi hakimu kwamba hakujua.

Adhabu hupimwa kwa uzito. Heroini na kokeini huhesabiwa kwa gramu. Bangi na mirungi huhesabiwa kwa kilo. Kwa hiyo si haki kudai kwamba watunga sheria hawakuona tofauti yoyote. Waliiona. Lakini ukishakuwa chini ya kipimo chako, kila mtu kwa kipimo chake, kifungu kinachokungoja ni kimoja na adhabu ya juu ni ileile, miaka 30. Ukizidi kipimo, ni kifungo cha maisha. Vipo vifungu vyepesi zaidi kwa mtu aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, ila ugumu ni kwamba kati ya mtumiaji na msafirishaji pana mstari mwembamba, na mara nyingi anayeuchora mstari huo ni askari aliyekukamata, kwa namna atakavyoandika maelezo usiku ule.

Nani anayekamatwa? Soma habari za mahakama katika magazeti yetu uone. Wengi ni dereva, utingo, mkulima wa nusu eka, mama mwenye kibanda, kijana wa pikipiki. Mwenye mali aghalabu hayumo garini.

Msinielewe vibaya. Mimi si mpiga debe wa mirungi, na ukiniuliza kama ni kitu kizuri nitakujibu hapana. Ndani yake mna kemikali iitwayo kathinoni, inayofanya kazi kwa jinsi inayofanana na zile dawa za kuondoa usingizi walizokuwa wakipewa askari vitani. Moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, njaa inakimbia, usingizi unakimbia. Dereva wa lori anayetoka bandarini Dar es Salaam kwenda Mutukula anaona imemsaidia, mpaka ile saa nguvu zinapomwishia ghafla usukani ukiwa mkononi. Na zipo nyumba katika mwambao huu ambamo fedha ya dagaa ya usiku mmoja huishia kwenye fungu la majani, na watoto wakalala na uji. Hayo ni kweli na yasifichwe.

Kathinoni hiyo ina tabia moja inayoeleza mengi. Haidumu. Jani likikatwa, nguvu yake huanza kushuka, na baada ya kama siku mbili linakuwa karibu majani ya kawaida tu. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba yasikauke, na ndiyo maana magari yanayotoka Maua kwenda Nairobi yanakimbizwa kama yamebeba mgonjwa mahututi. Mfanyabiashara wa mirungi anashindana na saa. Na mtu anayeshindana na saa hatafuti njia ya mbali. Atatafuta mpaka ulio karibu, mtumbwi ulio tayari, na kijana asiyeuliza maswali. Mwambao wetu unavyo vyote vitatu.

Haya, tuvuke sasa tuwatazame Wakenya. Huko Igembe na Tigania, katika Kaunti ya Meru, miraa ni ada za shule, ni mahari, ni nyumba ya mabati. Ipo miti ambayo babu aliipokea kwa babu yake. Hata mkoloni Mwingereza aliyejaribu kuizuia katika miaka ya 1940, akihofia zaidi watu wa wilaya za kaskazini, hakufika mbali, kwa sababu upande mmoja alikataza na upande mwingine alitoa vibali. Kenya huru iliacha watu walime na wauze, ila kwa miaka mingi haikulipa jani hilo heshima ya kahawa au chai. Jambo hilo lilibadilika mwaka 2016, pale sheria ya mazao iliporekebishwa na miraa ikatambuliwa rasmi kuwa zao la biashara, ambalo serikali ina wajibu wa kulisaidia. Mwaka 2023 zikafuata kanuni za zao hilo, zenye mambo ya leseni na usajili. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Kenya "wamefumbia macho" mirungi, mwambie hapana. Wameyafumbulia macho kabisa.

Lakini hata Kenya kwenyewe hakujatulia. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka katika kaunti zao. Muguka ni ndugu mdogo wa miraa. Hulimwa zaidi upande wa Embu, ni rahisi kwa bei, na watu wa Pwani wanalalamika kwamba inawamaliza vijana. Akina mama wa Mombasa walishangilia. Wakulima wa Embu wakaja juu. Rais Ruto akakutana na viongozi wa Embu, na ikatamkwa kwamba amri za kaunti haziwezi kushinda sheria ya taifa inayolitambua zao hilo. Mahakama Kuu nayo ikasimamisha marufuku hiyo. Tazameni sura ya ugomvi wenyewe: kaunti zinazotafuna zilitaka kukataza, kaunti zinazolima zilikataa. Naomba muiweke sura hiyo akilini, kwa sababu mtaikuta tena katika kila nchi nitakayoitaja.

Uganda nao wamekuwa na kisa chao, na kwa kweli ndicho kinachonichekesha zaidi, japo aliyekamatwa hachekeshwi nacho. Bunge la Kampala lilitunga sheria ya dawa za kulevya, ikaanza kutumika mwaka 2016, na mairungi yakawekwa humo. Wakulima wa wilaya ya Wakiso, pembeni mwa ziwa hilihili letu, wakajikusanya katika chama chao wakaenda Mahakama ya Katiba. Kesi ikakaa miaka. Mei 2023 mahakama ikatoa hukumu: sheria yote ni batili. Sababu si kwamba mairungi ni salama, wala kwamba mkulima ana haki ya kulima atakacho. Sababu ni kwamba siku wabunge walipoipitisha, akidi haikuthibitishwa. Viti vilikuwa vitupu! Basi sheria nzima, pamoja na heroini yake na kokeini yake, ikaanguka kwa sababu ya viti vitupu. Ikabidi Bunge lianze upya, na baadaye mwaka huo likapitisha muswada mwingine, mairungi yakarudi orodhani. Kwa hiyo katika muda usiotimia miaka 10 mkulima wa Wakiso amekuwa mwananchi safi, kisha mhalifu, kisha safi tena, kisha mhalifu tena, na shamba lake halijahama.

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo ziwa letu. Sisi tunayo karibu nusu ya maji yake, Uganda inafuata, na Kenya ina kipande cha asilimia 6 hivi. Samaki mmoja anaogelea katika sheria tatu.

Pengine mtu atauliza: je, wakubwa wa dunia wanasemaje? Jibu ni kwamba hata wao hawajaafikiana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unadhibiti kathinoni, ile kemikali iliyo ndani, na kuiweka katika jedwali lake kali kuliko yote. Lakini mti wenyewe na majani yake hayamo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilitazama suala hilo tena mwaka 2006, wakaona madhara yapo ila hayafikii kiwango cha kuliweka jani chini ya udhibiti wa kimataifa. Kwa hiyo kila nchi imeachiwa iamue yenyewe, na kila nchi imeamua kwa kutazama jikoni kwake.

Ethiopia, nchi ambayo mti huo unajulikana tangu kale, huuza jani hilo nje na kupata fedha nyingi za kigeni. Saudi Arabia hawataki hata kulisikia. Huko Somalia, Siad Barre alilipiga marufuku mwaka 1983. Marufuku ikafa hata kabla ya serikali yake kufa. Machi 2020, wakati wa korona, ndege za miraa kutoka Nairobi zilizuiwa kutua Mogadishu, na hapo afya ikachanganyika na siasa za serikali mbili zilizokuwa zimekasirikiana. Ndege zilianza tena Julai 2022, baada ya rais mpya Hassan Sheikh Mohamud kupatana na Uhuru Kenyatta. Sidhani kama kati ya tarehe hizo mbili jani lilipungua madhara.

Kisa cha Uingereza ni cha kukaa nacho kidogo. Kwa miaka mingi miraa iliingia London kwa ndege kama mboga, ikatozwa kodi, ikauzwa kwa Wasomali, Wayemeni na Waethiopia waliohamia huko. Serikali ikaliomba Baraza lake la Ushauri juu ya Matumizi Mabaya ya Dawa lichunguze. Januari 2013 baraza likajibu kwamba ushahidi hautoshi kulipiga marufuku. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Theresa May, akasoma ushauri huo, akaupita, na tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza. Hoja yake mojawapo ilikuwa hii: Uholanzi wamekwisha kulikataza, nchi nyingi za Ulaya zimelikataza, na kama Uingereza ikibaki peke yake itageuka kituo cha magendo. Yaani hakusema jani limekuwa baya zaidi kuliko jana. Alisema jirani amefunga mlango, nami nisipofunga wangu wote watapita kwangu. Huko Maua bei zilianguka, vijana waliokuwa wakifunga vibunda kwa ajili ya London wakakaa vibarazani, na serikali ya Kenya baadaye ikaahidi shilingi bilioni moja za kuwafuta machozi wakulima.

Hoja hiyo ya jirani sisi wa Kanda ya Ziwa tunaielewa vizuri kuliko Waingereza. Wao wana bahari katikati. Sisi tuna kijito na kamba ya polisi.

Nitawapeleka mbali zaidi kwa dakika mbili tu, kwa sababu huko pana nchi iliyofanya kinyume. Katika Asia ya Kusini Mashariki kuna mti uitwao kratom, jamaa wa mbuni wa kahawa. Wakulima na vibarua wa Thailand wamekuwa wakitafuna majani yake tangu zamani ili wastahimili jua na kazi. Mwaka 1943 serikali yao ilitunga sheria ya kuukataza. Miaka 78 ikapita, watu wakikamatwa kwa jani la uani kwao. Agosti 2021 Thailand ikautoa mti huo katika orodha ya dawa za kulevya, maelfu ya kesi zikafutwa, na mwaka 2022 ikatungwa sheria nyingine mahsusi: wauzieni watu wazima, msiwauzie walio chini ya miaka 18, msiwauzie wajawazito wala wanaonyonyesha. Wakati huohuo Marekani wanakwenda njia mia. Mwaka 2016 idara yao ya kupambana na dawa za kulevya ilitangaza kwamba itaukataza, watu wakapiga kelele, ikarudi nyuma ndani ya miezi miwili. Yapo majimbo yaliyokataza kabisa, na yapo, Utah ikiwa ya kwanza mwaka 2019, yaliyoruhusu kwa masharti ya umri na vifungashio. Na Julai 2025 mamlaka yao ya chakula na dawa ilipendekeza kudhibiti kemikali moja tu iliyokolezwa kutoka kwenye jani hilo, ikasema wazi kwamba shabaha si jani lenyewe.

Hilo la mwisho lina maana kubwa kwetu. Kuna tofauti kati ya jani na kidonge kilichopikwa kutokana na nguvu ya jani. Kathinoni nayo ina watoto wake waliotengenezwa maabara, na hao ni hatari ya aina nyingine kabisa. Sheria inayompa mtu wa fungu la majani uzito mmoja na mtu wa unga, siku unga huo ukifika hapa itakuwa haina tena neno kali la kusema.

Sasa turudi Mwanza. Yako mambo mawili yanayosemwa vijiweni, na yote mawili nayakataa.

La kwanza ni la wale wanaosema: kwa kuwa Kenya wameruhusu, na sisi turuhusu, mbona tuko Jumuiya moja, na Soko la Pamoja lilianza kutumika tangu Julai 2010? Hapana. Kenya wameruhusu kwa sababu wana Meru. Wana maelfu ya kaya ambazo jani hilo ndilo linawavisha, na wana wabunge wanaotoka huko. Sisi wakulima wetu wa mirungi ni wachache, zaidi wako milimani huko Same, mkoani Kilimanjaro, na hata wao serikali imekuwa ikiwasihi wahamie mazao mengine, na wilaya hiyo hiyo tangawizi yake inajulikana nchi nzima. Kwetu sisi, kuruhusu maana yake ni kufungua soko la mali ya mwenzetu, faida iende Maua na kukosa usingizi kubaki Kirumba. Kama magavana wa Pwani ya Kenya, waliomo ndani ya nchi hiyohiyo, wameona biashara hiyo haiwalipi, sisi tutafaidi nini?

La pili ni la wale wanaosema: sheria ni sheria, wafungwe tu, miaka 30 itawafunza. Hapa ndipo napenda tutulie. Kijana wa miaka 22 akifungwa miaka 30 atatoka akiwa na miaka 52. Mama yake atakuwa amekufa. Mtoto aliyemwacha tumboni atakuwa na watoto. Na mwenye mzigo ataajiri kijana mwingine Jumatatu ijayo, kwa elfu tano ileile. Mimi naamini kwamba Bunge linaweza kuyaacha mirungi yakiwa haramu, wala sioni aibu kusema yabaki haramu, na papo hapo likayatenga na heroini katika kifungu cha adhabu. Liweke ngazi. Mtumiaji awe na ngazi yake, ya faini na ya kupelekwa kwa mshauri. Mbebaji wa kilo mbili awe na ngazi yake. Mwenye gari, mwenye ghala, mwenye mtaji, huyo ndiye apandishwe ngazi ya juu, na gari lake litaifishwe.

Mtu atasema ninaota. Siyo. Sheria hii ya 2015 si msahafu. Imekwisha kurekebishwa zaidi ya mara moja tangu itungwe. Wabunge wa Kanda ya Ziwa wanaweza kulisimamia jambo hili bila kuonekana wanatetea walevi, maana wanaofungwa ni wapiga kura wao, siyo wa Meru.

Tena kuna upande wa mahakama wenyewe. Kesi ya mirungi haithibitishwi kwa askari kunusa. Sampuli lazima iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ipimwe, iandikiwe ripoti. Na kila mkono uliokishika kidhibiti, tangu barabarani mpaka maabara mpaka mahakamani, lazima ujulikane. Mahakama ya Rufani imewaachia watu wengi wa kesi za dawa za kulevya kwa sababu mnyororo huo wa makabidhiano ulikatika mahali. Kwa jani linalonyauka kwa siku mbili, kazi hiyo ni ngumu maradufu. Matokeo yake ni kwamba wengine hukaa mahabusu miaka, kisha wanaachiwa kwa dosari ya karatasi, na wengine wenye kosa lilelile wanafungwa kwa kuwa hawakupata wakili wa kuiona dosari hiyo. Adhabu ikiwa kubwa mno, kila upande hupigania karatasi badala ya ukweli.

Wakati tukisubiri Bunge, lipo jambo ambalo halihitaji muswada. Ni kuwaambia watu. Nenda Sirari uone mabango: kuna la forodha, kuna la uhamiaji, kuna la chanjo. Msafiri anayerudi kutoka Migori au Kisumu anastahili kuona bango moja kubwa, kwa Kiswahili cha mtaani na kwa Kikurya na Kijaluo pia, linalosema kwamba hilo ulilokula halali pale ng'ambo, hapa ni kifungo. Wenye mabasi nao waandike katika risiti ya mizigo kwamba kifurushi hakipokelewi bila kufunguliwa mbele ya mwenyewe na jina lake kuandikwa. Konda akatae. Akiambiwa "ni mboga tu", aifungue aione hiyo mboga.

Na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo nawapa heko kwa kazi wanayofanya ya kutoa elimu mashuleni, naomba wasiishie mashuleni. Barabarani kuna geti, kuna askari, kuna mahali pa kubandika. Ziwani hakuna geti. Mtumbwi unaotoka Muhuru Bay alfajiri unaweza kuwa Shirati kabla chai haijachemka, na wanaoupokea ni watu wa mwaloni, ambao wana viongozi wao, wana vikundi vyao vya kulinda rasilimali za uvuvi, na wana ubao wanaoandika matangazo ya mnada. Ubao huo una nafasi.